Tulipomtafuta Tsawe Kwenye Makumbusho

Mwezi uliopita nilifungua kabati la vitabu katika shule ninayofundisha, kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea tangu muhula wa kwanza, na harufu iliyotoka humo ikanisimamisha pale pale. Ilikuwa harufu ya mbao kavu iliyochanganyika na dawa ya mchwa na vumbi la siku nyingi. Mwalimu mwenzangu alidhani nimeona nge. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimerudi kwenye ghala moja kule Kilifi, nina miaka tisa, nimeshika ncha ya leso ya bibi yangu, na mbele yetu wamelazwa watu saba sakafuni.

Nasema watu kwa sababu ndivyo alivyowaita yeye.

Bibi kwetu Wagiriama ni hawe, na babu ni tsawe. Nililelewa na hawe upande wa Marafa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka lile korongo jekundu ambalo watalii huja kulipiga picha. Baba na mama walifanya kazi hotelini Watamu na walikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa wawili, mimi na hawe, mbuzi wetu, na shamba la mahindi ambalo mvua ililikumbuka ilipotaka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kijia kinachoingia kwenye ua wa minyaa. Watoto tulikatazwa kukipita. Kila baada ya siku chache hawe alijifunga hando yake, ile sketi nyeupe ya mapindo mapindo, akabeba kibuyu cha pombe ya mnazi na kuingia huko peke yake. Nikiwa nje nilimsikia akiongea. Alieleza nani ameoa, mbuzi gani amezaa, mahindi yamefika wapi. Akitoka aliniambia, "Nimetoka kumsalimu tsawe."

Nilipowauliza watu wazima kuhusu babu yangu walinijibu neno moja tu: alitutangulia. Nami nikaelewa kwamba alitangulia kuingia ndani ya ule ua, na sisi wengine bado hatujamfuata. Nilimjengea sura kamili kichwani mwangu. Alikuwa mzee mwembamba, asiyependa kelele za watoto, anayekaa kwenye kigoda huko nyuma ya minyaa akisubiri habari. Sikuwahi kumsikia akijibu, lakini hilo halikunisumbua. Wazee wengi niliowajua hawakuwa wakisema sana.

Basi asubuhi moja ya likizo nilikuwa nafagia uwanja, hawe akatoka kwenye kijia kile mbio. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Kibuyu hakikuwa mkononi.

"Tsawe ameibwa!" alisema. "Wamemkata miguu wakamchukua!"

Nilidondosha ufagio. Sijui ninyi wenzangu mlikuwa na woga gani utotoni. Mimi tangu siku ile nilikuwa na picha ya mzee mwembamba asiye na miguu, ametupwa nyuma ya pikapu, anapelekwa mahali nisipopajua. Nililia hadi nikatapika. Hawe yeye hakulia. Aliketi kizingitini, akafunga leso yake kwa nguvu kiunoni, akafungua, akafunga tena.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alifika jioni ile kutoka Malindi kwa baiskeli. Alikuwa fundi mwashi, mikono yake imepasuka kwa simiti, na alikuwa mzee wa kanisa. Aliingia kwenye ua wa minyaa, akatoka, akanawa uso.

"Mama, pole," alisema. "Lakini tusijisumbue. Ile ni mbao."

"Ni nini?"

"Ni mbao, mama. Baba yuko kwa Mungu. Wezi wameiba mbao, wataiuza kwa wazungu, basi. Nitakuombea."

Hawe alimtazama muda mrefu. "Nilikuzaa siku ya jua kama la leo," alisema, "na mwenye hiyo mbao ndiye aliyekimbia kwa miguu mpaka zahanati kukutafutia dawa. Kaombe. Mimi naenda kumtafuta."

"Utamtafuta wapi? Hujui hata kusoma kibao cha barabara."

Hapo hawe akageuka kunitazama mimi. "Huyu anajua," alisema.

Neno lile "mbao" lilinipita. Nilidhani baba mkubwa anamtukana babu, kama mtu anavyomwita mwenzake gogo. Nilichosikia vizuri ni kwamba nimepewa kazi. Usiku niliingia chumba cha baba na mama, nikachukua shati moja la baba, lile la mistari, nikalikunja ndani ya kikapu cha hawe. Nilifikiri mtu aliyeibwa hawezi kurudi nyumbani na nguo alizoibwa nazo.

Watu walikuwa wamemwambia hawe kwamba vitu vya zamani huwekwa makumbusho. Kwa hiyo tukaanzia Malindi. Nilikuwa nimefika mjini mara chache na sikujua makumbusho ni nini. Nililichambua neno lenyewe kama mwalimu alivyotufundisha, nikaamua ni mahali watu wanapokumbushwa kwao ni wapi ili warudishwe. Nilipoona askari mlangoni, nikawa na hakika: wanawafungia ndani wasipotee tena.

Ndani palikuwa na baridi na sakafu iling'aa. Tulipita mitungi, nanga ya jahazi, picha za Wareno. Hawe hakutazama lolote kati ya hayo. Kisha tukafika kwenye kabati refu la kioo, na ndani yake zilisimama nguzo tatu za mbao, bapa kama ubao wa kufulia, kila moja na kichwa cha mviringo na uso usio na maneno mengi: macho mawili, pua, basi. Kiwiliwili kizima kilikuwa kimechongwa pembetatu ndogo ndogo, mamia yake, zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe iliyofifia.

Hawe alivua ndala zake. Akapiga goti kwenye sakafu ile inayong'aa, akawasalimu mmoja mmoja kwa Kigiriama, akiwauliza wametoka ukoo gani. Watalii wawili walisimama kumtazama. Mimi niliona aibu, nikaendelea kuangalia mlango wa nyuma, nikingoja babu atolewe.

"Nisomee," hawe alisema. "Wanasemaje hapo chini?"

Kulikuwa na kikaratasi ndani ya kioo. Nikasoma: "Kigango. Nguzo ya ukumbusho wa mzee wa Kigiriama. Mwenyewe hajulikani."

"Soma tena mwisho."

"Mwenyewe hajulikani."

"Hajulikani na nani?" hawe aliuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwa askari. "Hajulikani na nani? Ana mke huyu. Ana watoto. Mahali fulani kuna mtu anaamka kila siku anajua huyu ni nani!"

Nikamvuta leso. "Hawe, na tsawe yuko wapi? Mbona hawamtoi?"

"Hayuko hapa. Hawa ni wa watu wengine."

"Watu gani wengine? Hizi ni mbao tu, hawe." Na nilipolitamka lile neno nikasikia sauti ya baba mkubwa ndani ya sauti yangu, na kila kitu kikaniangukia kwa mara moja: ua wa minyaa, miguu iliyokatwa, yule mzee mwembamba wa kigoda ambaye hakuwahi kujibu. Hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Nilichuchumaa pale pale nikaanza kulia, na kwa hasira nikalitoa lile shati la baba kwenye kikapu nikalitupa sakafuni.

Hawe alilitazama shati, akanitazama mimi. Alielewa upesi sana, na hata leo namshukuru kwamba hakucheka.

"Ulimletea nguo," alisema.

Nilijifuta pua kwa mkono.

"Sikiliza. Tsawe alikufa kabla hujazaliwa. Alipokufa alimjia baba yako mkubwa ndotoni, mara tatu, akisema analala nje, anapata baridi. Ndipo tukamchongea kiti chake, kigango kama hiki, akakaa. Ukimkata ukamwondoa, umemtoa mtu nyumbani kwake. Baba yako mkubwa sasa anasema ni mbao. Lakini ndoto aliota yeye, mimi sikuota." Akaliokota lile shati, akalikung'uta, akajitanda mabegani. "Na nguo si mbaya. Jua la nje ni kali. Twende."

Tulitoka tukapita ile nguzo ya Wareno iliyo ukingoni mwa bahari. Hawe aliuliza ile imewekwa na nani. Nikamwambia, ni watu waliotoka mbali sana kwa merikebu. "Nao wamepewa askari wa kuwalindia ya kwao," alisema, akaendelea kutembea.

Siku mbili baadaye tulikwenda Gede. Kati ya safari zote zile, ya Gede ndiyo ninayoiota bado. Miti imemeza mji mzima. Mizizi imeshika kuta kama vidole, kima wanakaa kwenye milango ya watu. Mtembezaji wa wageni aliyetupokea aliitwa Bwana Swalehe, mtu wa Mambrui, mwenye kofia safi ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili kilichonyooka ambacho mimi nilikuwa nakisikia redioni tu.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Karibuni. Mumekuja kuyatazama magofu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumtafuta mume wangu."

Bwana Swalehe alishtuka. "Mumeo anafanya kazi hapa?"

Hawe akamweleza. Bwana huyo alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo wajihi wa hawe ulionyesha hakulitegemea kwa mtu wa ufukweni. Kisha akasema kwao hapo hakuna vigango, lakini bibi aliyetoka Marafa hawezi kurudi bila kupumzika, na akatuongoza ndani. Alituonyesha msikiti, visima, kasri yenye vyumba vingi. Mimi nilisoma vibao kwa sauti, nikivimba kichwa. Katika ua wa ile kasri hawe alisimama.

"Wenyewe walikwenda wapi?"

"Hakuna ajuaye kwa yakini, bibi. Waliuhama mji. Wengine wasema maji yalikauka, wengine wasema vita."

"Na hakuna aliyewafuata kuwatafuta?"

Bwana Swalehe alivua kofia, akajikuna kichwa. Nadhani alikuwa amejibu maswali ya maelfu ya wageni, na hilo halikuwemo. Kisha akasema, "Bibi, nendeni Kilifi. Pana makumbusho madogo upande wa Mnarani. Nimesikia polisi walizuia lori lenye vinyago, na mzigo uko ghalani mwao. Lakini fanyeni haraka. Mwenye mzigo ameudai."

Hatukurudi nyumbani. Tulilala kwa binamu yake hawe pale Gede na asubuhi tukashuka Kilifi.

Afisa wa Kilifi alikuwa mwanamke kijana kutoka Ukambani, jina lake Mueni, mwenye rundo la mafaili na uso wa mtu aliyechoka. Hakutufukuza. Alichukua ufunguo, akatupeleka nyuma, akafungua lile ghala la harufu. Sakafuni, juu ya magunia, vililazwa vigango saba, kila kimoja kimefungwa kikaratasi chenye namba.

Hawe hakuhitaji kuzunguka. Alimwendea wa tano moja kwa moja, akapiga goti, akaweka kiganja chake kifuani pake. Kwenye bega la kushoto palikuwa na alama ya kuungua. "Hapa ni moto wa shamba, mwaka ule wa ukame," alisema. "Nilimwagia maji mimi mwenyewe." Kisha akaanza kusema naye kwa sauti ya chini, na nikatambua kuwa ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia miaka yote kutoka nyuma ya minyaa.

Nilimtazama babu yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu kunishinda. Chini alikuwa amekatwa kwa msumeno, mkato mweupe ambao bado ulikuwa mpya.

"Mama, mimi nakuamini," Mueni alisema. "Lakini shida ni hii. Kuna mtu amekuja na karatasi. Risiti, anasema alinunua hizi vitu zote kwa njia halali. Nimepewa mpaka Ijumaa. Kama hakuna ushahidi mwingine, mzigo unarudi kwake. Mko na picha? Mko na barua?"

"Nina macho yangu."

"Macho siwezi kuandika kwa faili, mama. Nisamehe."

Ilikuwa Jumanne. Hawe alisimama, akajifunga leso. Kwenye njia ya kurudi, tulipokaribia nyumbani, akaniuliza, "Wewe shuleni mnachukuaje alama ya kitu? Kama unataka mtu wa mbali akione kilivyo na huwezi kukibeba?"

Ninyi wa rika langu mtakumbuka ule mchezo wetu wa darasani, wa kuweka sarafu chini ya karatasi na kuisugua kwa penseli hadi picha itokee. Nikamwambia huo. Hawe akasimama katikati ya njia.

"Basi kile walichokiacha wezi ardhini, utakisugua," alisema.

Asubuhi ya Jumatano nilipita kile kijia kwa mara ya kwanza. Hawe alitangulia akiomba ruhusa kwa sauti, akieleza kwamba anayekuja ni mtoto na hana nia mbaya. Nilitarajia mahali pa kutisha. Kulikuwa na uwanja mdogo uliofagiwa, kibuyu kilichopasuka, na kisiki kifupi cha mti mgumu kilichotoka ardhini kiasi cha kidole gumba. Unga wa msumeno ulikuwa bado umetapakaa pembeni.

Nilipasua karatasi kutoka katikati ya daftari langu la hesabu. Ya kwanza ilichanika. Ya pili nilisugua kwa penseli na haikuonyesha kitu, mti ule ulikuwa mgumu na mkato ulikuwa laini mno. Nikalia kidogo. "Kulia utalia Jumamosi," hawe alisema, akaenda jikoni akaniletea kipande cha kaa lililozimika. Kwa kaa ikakubali. Polepole zikatokea duara za mti, ufa mmoja mrefu uliopinda kama mkia wa ng'ombe, jicho la tawi, na pembe moja iliyomeguka. Nilisugua hadi vidole vikawa vyeusi. Hawe alishikilia kingo za karatasi kwa mikono yote miwili na hakutikisika hata inzi walipomtembea usoni.

Alhamisi tulikuwa Kilifi kabla ofisi hazijafunguliwa.

Mwenye risiti alikuwepo. Alikuwa bwana mnene, mpole wa sauti, aliyetusalimia kwa adabu na kumwita hawe mama. Hilo lilinichanganya, nilikuwa nimetegemea mtu mwenye meno mabaya. Mueni aliwaomba vijana wawili wakigeuze kile kigango cha tano, mkato uwe juu. Akaichukua karatasi yangu, akaiweka juu ya mkato.

Haikulingana.

Akaizungusha. Ufa ulikwenda kushoto pale ambapo wa mbao ulikwenda kulia. Akaizungusha tena. Pembe iliyomeguka ilikuwa upande usio wake. Mueni aliniangalia, na niliona anavyotamani ilingane.

"Mama, mti ni mti," yule bwana alisema. "Yote ina nyufa. Mtoto amechora, ni vizuri, amejitahidi."

Masikio yaliniwaka. Nilimtazama hawe, nikitarajia kumwona amevunjika. Alikuwa amesimama vile vile, mikono kiunoni, ananitazama mimi, kama mtu anayengoja chungu kichemke. Hakuwa na shaka yoyote. Kama karatasi haikulingana, basi kosa lilikuwa la karatasi, na mwenye karatasi nilikuwa mimi.

Nikafikiria kisiki. Kisiki kilitazama juu. Babu alitazama chini. Niliweka viganja vyangu pamoja, kama mtu anayeomba, nikavifungua mbele ya macho yangu. Dole gumba la huku, dole gumba la kule.

"Imelala kinyume," nilisema. Nikasema tena, "Imelala kinyume! Kaa liguse mbao!"

Niliichukua karatasi mkononi mwa Mueni bila hata kuomba, nikaigeuza upande mweusi ukawa chini, nikailaza. Mueni akawasha tochi yake, akaimulika kwa pembeni ili alama zionekane kwa nyuma ya karatasi. Ufa ukaenda juu ya ufa. Jicho likakaa juu ya jicho. Pembe iliyomeguka ikaangukia pembe iliyomeguka, na duara zote zikakaa mahali pake, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia kwenye nyumba yao.

Kisha Mueni akamgeukia yule bwana. "Risiti yako inasema ulinunua hii kutoka kwa mwenyewe," alisema. "Huyu hapa mwenyewe. Ulinunua kwake?"

Yule bwana alikunja karatasi yake taratibu, akaaga kwa adabu ile ile aliyoingia nayo, akaondoka.

Nilidhani tutambeba babu siku ile. Ilichukua miezi. Kulikuwa na barua ya chifu, na barua iliyosema barua ya chifu ina makosa, na muhuri uliotakiwa kutoka mahali ambapo mwenye muhuri alikuwa likizo. Hawe alikwenda Kilifi mara nyingi kiasi kwamba askari wa lango walimwita kwa jina na kumwekea kiti kivulini. Nikiwa shuleni alikwenda peke yake. Alijifunza kuitambua sahihi ya Mueni, na baadaye kuiandika ya kwake: herufi tatu zilizolala upande, alizokuwa akizifanyia mazoezi kwa kijiti kwenye majivu.

Siku ya mwisho Mueni alimkalisha chini. Nilikuwepo, ilikuwa likizo tena.

"Mama, nataka kukuuliza kitu, na usikasirike. Kwa nini usimwache hapa? Tutamweka kwa kioo. Tutaandika jina lake, ukoo wake, kila kitu. Hakutakuwa na mchwa, hakutakuwa na moto. Ukimpeleka nyumbani, wataiba tena."

Hawe alifikiri. Namkumbuka akifikiri kweli, kwa sababu alikuwa amempenda yule msichana.

"Jina liandike," alisema. "Na wale sita, wapelekee watu wa kwao habari waje. Lakini huyu ana kwake."

"Na akiibwa tena, mama?"

"Nitamtafuta tena."

Mueni akasaini.

Walimrudisha kwa pikapu ya serikali, amelazwa juu ya godoro la kuazima. Mimi nilipanda nyuma, nikamshika kichwa barabara ilipoharibika baada ya Malindi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawezi kusimama juu ya kisiki chake cha zamani, achimbiwe pahali papya hatua tatu mbele. Baba yangu alikuja kutoka Watamu. Majirani walijaa nje ya minyaa. Tulipofika, wanaume walikuwa wakichimba shimo kwa zamu, udongo ukiwa mkavu kama tofali.

Ndipo nikamwona baba mkubwa. Alikuwa anaisukuma baiskeli yake kwenye kijia kile, na juu ya kiti cha nyuma, umefungwa kwa kamba za mpira, ulikuwa mfuko mzima wa simiti. Begani alikuwa na sepetu, na mwiko wake wa kazi ulichungulia mfukoni. Watu wakampisha. Hakumtazama mtu. Aliufungua ule mfuko, akaumwaga kwenye karai pamoja na mchanga na kokoto alizozikuta pale, akaanza kuchanganya.

Mzee mmoja alinung'unika kwamba jambo kama hilo halijawahi kufanywa, kumwekea mtu simiti. Wengine wakaanza kuitikia.

"Mimi sijabadilika," baba mkubwa alisema bila kuinua uso. "Haya mambo siyafuati, na Jumapili nitakuwa kanisani. Lakini hakuna atakayeng'oa baba yangu hapa mara ya pili."

Wote wakamgeukia hawe, wakingoja atasemaje. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo na hando yake mpya, macho yamemwiva. Alichungulia ndani ya karai kama alivyokuwa akichungulia vyungu vyangu vya ugali.

"Kokoto ni chache," alisema. "Ongeza."

Baba mkubwa akainama, akaongeza.